ALIKETI WALIPOKETI WAO

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni
Somo: Ezekieli 3:4-15

Nawasalimu ninyi mlioko njiani kwenda kazini kwa miguu, mkifuata Jogoo Road na Lunga Lunga Road. Ninyi mliotoka zamu ya usiku katika viwanda vya Industrial Area na sasa mnavua viatu. Nanyi mama zetu wa Makongeni, Kaloleni, Mbotela na Jericho, mnaochemsha chai huku redio ikisema kando ya jiko.

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha nabii Ezekieli, mlango wa tatu. Ezekieli alikuwa kuhani, naye alichukuliwa mateka pamoja na watu wake mpaka nchi ya Babeli, wakakaa karibu na mto Kebari. Huko Mungu alimwita. Na katika kumtuma, Mungu alimwambia jambo ambalo wengi wetu hulipita mbio tunaposoma: kwamba hakumpeleka kwa mataifa ya lugha ngeni asizoweza kuzielewa, bali kwa ndugu zake mwenyewe. Basi Mungu ajua ya kuwa lugha ni mzigo. Hakuudharau mzigo huo, aliutaja.

Kisha Ezekieli akawaendea wale wahamishwa wa Tel-abibu. Je, alipofika alipanda juu ya jiwe akaanza kuhubiri? Hapana. Aliketi walipoketi wao, akakaa kati yao siku saba, ameduwaa. Ujumbe alikuwa nao, maana alikuwa amekwisha kulishwa lile gombo. Lugha yao aliijua tangu aliponyonya. Hata hivyo alimaliza juma zima kabla ya kufungua kinywa chake, na siku saba zilipokwisha ndipo neno la Bwana likamjia tena.

Sasa nauliza: ikiwa mtu aliyetumwa kwa ndugu zake aliketi siku saba kwanza, yule anayetumwa kwa watu wa lugha nyingine na aketi siku ngapi?

Swali hili limetufikia hapa mitaani kwetu. Tunaye kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyefanya kazi karibu miaka kumi katika karakana moja ya Industrial Area. Bwana alimwita awe mmisionari, naye akaitika. Akajifunza Biblia, na washarika wakafanya harambee ya nauli yake. Wengine walitoa shilingi hamsini. Wengine walileta kuku, wakapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Kijana akapelekwa San José, mji mkuu wa Costa Rica, katika Amerika ya Kati, ili kwanza ajifunze Kihispania, kisha aende kuwafundisha vijana wa huko ufundi pamoja na Neno la Mungu.

Alipokuwa amekaa huko miezi mitano, mama yake alinijia. Ni mama anayeuza chai na mandazi kwa wafanyakazi karibu na lango la kiwanda. Akaniambia, "Mchungaji, mwanangu amenitumia ujumbe kwa simu. Asema, 'Mama, huku mimi ni bubu. Nataka kurudi nyumbani.' Na wazee wa kanisa nao wananiuliza amehubiri mara ngapi. Nijibu nini?"

Wapendwa, tusimcheke kijana huyu, wala tusimhukumu upesi. Huyu ni mtu aliyekuwa na vijana chini yake karakanani. Akisema leta, kilikuwa kikiletwa. Leo amesimama dukani, anataka nyundo. Nyundo aijua kama auijuavyo mkono wake, lakini jina lake halimjii. Mtoto wa nyumba anamokaa, mwenye umri wa miaka minne, anamshinda kwa maneno. Siku moja mezani alitaka kusema kwamba ana njaa. Njaa kwa Kihispania ni hambre. Yeye akasema hombre, yaani mwanamume. Nyumba nzima ikacheka. Naye akacheka pamoja nao, lakini usiku alilia peke yake.

Tena hata saa zimemgeuka. Sisi wa Nairobi tuko mbele ya San José kwa saa tisa. Mama yake awashapo jiko saa kumi na moja alfajiri, kwake ni saa mbili ya usiku wa jana. Akitoka darasani jioni, moyo ukitamani kusikia sauti ya nyumbani, huku kwetu ni usiku wa manane na watu wamelala. Chakula hakikumshinda, kwa maana watu wa huko hula wali uliochanganywa na maharagwe tangu asubuhi, na mtoto wa Makongeni hawezi kuogopa maharagwe. Kilichomshinda ni kuwa mdogo. Alikwenda kama mwalimu, akafika akawa mtoto.

Lakini ninyi wafanyakazi wa Industrial Area, jambo hili si geni kwenu. Kumbukeni siku mliyoshuka Machakos Bus na mfuko mmoja mkononi. Mmoja alitoka Siaya, mwingine Vihiga, mwingine Makueni, mwingine Nyeri. Kiswahili mlichokuwa nacho kilikuwa cha shuleni, na wengine hawakuwa nacho kabisa. Mlisimama langoni alfajiri mkingojea kibarua. Nyapara akaagiza spana, mtu akaleta bisibisi, watu wakacheka. Hakuna aliyewaandikia ubaoni. Mlijifunza kwa masikio, kwa kutazama mikono ya wengine, kwa kuagiza githeri kibandani, na kwa kujibizana na mwenye nyumba siku ya kodi. Leo mnaamua ugomvi kwa Kiswahili, mnaongoza mikutano ya ushirika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili mnamlilia Mungu. Kila mmoja wenu amepitia shule ya lugha, ila hakupewa cheti.

Na watoto wenu waliozaliwa hapa Eastlands wameendelea mbele zaidi, wakajifanyizia Sheng yao. Mzee anayetaka kusema na vijana wa Maringo au Bahati hana budi kuketi tena chini na kusikiliza, ingawa amekaa nao mtaa mmoja miaka arobaini. Basi kazi ya mmisionari huanza karibu sana kuliko tunavyodhani. Asiyeweza kuketi na kijana wa jirani hatageuka kuwa mnyenyekevu kwa sababu amepanda ndege.

Nilimwandikia kijana wetu, nikamwonyesha ya kwamba hakwenda mikono mitupu. Nilimwambia hivi: Sauti tano za a, e, i, o, u ulizofundishwa na mama yako, Kihispania kinazo vile vile, na kuzitamka kwake kunakaribiana sana na kwetu. Wahispania wana njia mbili za kusema mtu ni nani na mtu yuko katika hali gani. Wageni wengi huchanganyikiwa hapo, lakini wewe tangu utotoni umesema "yeye ni fundi" na "yeye yuko dukani" bila kuyachanganya. Majina yao yana jinsia, na sifa hufuata jina. Nawe umezoea kusema kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, bila kuhesabu ngeli kwa vidole.

Tena, yako maneno uliyokuwa nayo kabla hujaondoka. Wareno, walioanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, walituachia meza, bendera na padri. Kihispania ni ndugu yake Kireno, nacho husema mesa, bandera na padre. Tena Waislamu waliosema Kiarabu waliingia Hispania mwaka 711, na utawala wao wa mwisho huko, wa Granada, ulianguka mwaka 1492. Kwa hiyo Mhispania husema azúcar pale tusemapo sukari, na aceituna pale tusemapo zaituni. Na neno lake la kusema "mpaka", yaani hasta, latoka katika Kiarabu kile kile kilichotupa sisi "hata", kama wazee wetu walivyosimulia "hata siku moja". Maneno hayo yalitoka mlango mmoja. Mengine yalikwenda magharibi, mengine yakaja kwa jahazi mpaka pwani yetu. Mungu hakuanza kumtayarisha kijana huyu siku ya harambee. Alianza kabla babu zake hawajazaliwa.

Mtume Paulo naye alitamani kwenda upande huo. Someni Waraka kwa Warumi, mlango wa 15. Aliwaandikia ndugu wa Rumi kwamba anakusudia kupita kwao katika safari ya kwenda Spania, na kwamba atahitaji wamsaidie njiani. Maandiko hayatuambii kama alifika. Yanatuambia kwamba aliomba kusaidiwa, naye ni mtume.

Sasa tutazame wale waliotutangulia. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, ametumwa na chama cha CMS cha Uingereza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mjerumani. Alikuwa amekwisha kukaa Ethiopia miaka kadhaa, na lugha za huko alizijua. Huku pwani ilimbidi aanze tena kama mtoto. Katika Juni mwaka ule ule alianza kujaribu kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Katika Julai mkewe Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafa siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliwazika, akaendelea kujifunza.

Mwenzake, Johannes Rebmann, alimfuata mwaka 1846, wakajenga Rabai. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu. Katika miaka yote ile waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kama mzee wa kanisa angeuliza, "Mmeokoa wangapi?" jibu lingekuwa la aibu. Lakini Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Waliokuja nyuma yake walisimama juu ya kazi hiyo. Na tusisahau: maneno yaliyomo katika kamusi ile hakuyatoa Ulaya. Aliyapokea kwa Waswahili wa Mombasa na kwa Wamijikenda wa Rabai. Aliyekuja kufundisha alifundishwa kwanza, na waalimu wake walikuwa watu wa pwani yetu.

Tusidhani tena kwamba mmisionari ni mtu wa kutoka Ulaya tu. Mwaka 1896 Mganda mmoja, Apolo Kivebulaya, aliondoka Toro akavuka bonde la mto Semliki mpaka Mboga, nchi ambayo leo ni Kongo. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena Mboga. Na katika miaka ya 1920, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, aliingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti. Angaliweza kusema, "Nimezeeka, na wajifunze wao lugha yangu." Hakusema hivyo. Aliketi nao msituni, akajifunza usemi wao, akatafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifariki Mboga mwaka 1933. Inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, wala si mashariki upande wa kwao, ili iwe ishara kwamba Injili ingali inakwenda mbele.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama, maana wako mama wengine wenye swali hilo hilo.

Sikumwambia kwamba ni lazima mwanawe abaki. Mtu aweza kurudi nyumbani, naye si mwasi. Wako walioitwa wakarudi, na Bwana akawapa kazi nyingine. Nilimwambia asimwite kwa sababu ya machozi tu. Nilimwomba amjibu mwanawe hivi: "Mwanangu, ulipokuwa mdogo hukusema neno lo lote mwaka mzima, na hatukukurudisha ulikotoka." Alicheka. Naamini alituma.

Kwa wazee wa kanisa nilisema, nami nasema kwenu nyote mliochanga: msimwulize amehubiri mara ngapi. Mwulizeni amejifunza nini, anakula na nani, ni nani amemjua kwa jina. Wala posho yake isikatwe kwa kuwa bado yuko darasani. Mkulima hafukui mbegu kila asubuhi apate kuona kama imeota. Mwombeeni kwa jina, na mmwandikie habari za nyumbani, hata zile ndogo: mvua imenyesha, barabara imefungwa, mtoto wa fulani amebatizwa. Habari ndogo humfanya mtu wa mbali ajue kwamba mahali pake bado papo.

Na wewe uliyetumwa, popote ulipo, nakupa maneno machache. Salimu wewe kwanza, hata kama salamu ndiyo yote uliyo nayo. Nunua mkate wako mwenyewe kila siku, kwa mtu yule yule, mpaka akujue. Usikubali simu ikurudishe Nairobi kila saa. Mwili ukiwa huko na masikio yakiwa huku, hutasikia kote kuwili. Ukichekwa, uliza neno lililo sahihi, ulirudie mara tatu. Na Jumapili nenda kanisani kwao, hata kama huelewi mahubiri; simama wanaposimama, piga magoti wanapopiga. Sisi Waanglikana, kwa kuwa utaratibu wa ibada twaujua, twaweza kuifuata Sala ya Bwana katika lugha yo yote.

Hayo yote si shauri la busara tu. Yana mizizi katika Mwokozi wetu mwenyewe. Paulo awaandikia Wafilipi, mlango wa pili, kwamba Kristo alijifanya hana utukufu, akawa mwanadamu. Wengi wetu hufikiri juu ya msalaba hapo, na ni vema. Lakini fikirini pia juu ya miaka iliyotangulia. Yeye aliyeumba ulimi wa mwanadamu alijifunza kusema kwa Mariamu, neno baada ya neno, kwa usemi wa Galilaya. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alionekana hekaluni, ameketi kati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Kisha akarudi Nazareti, akaendelea kukaa na watu na kufanya kazi ya useremala, na Luka atuambia kwamba alianza kazi yake akiwa na umri wa karibu miaka thelathini. Miaka thelathini ya kuketi, na mitatu hivi ya kuhubiri! Alipofungua kinywa, alisema juu ya chachu, taa, wavu, shamba na mshahara wa vibarua waliosimama sokoni bila kazi. Aliyajua maneno hayo kwa sababu alikuwa ameketi walipoketi wao.

Kwa hiyo mwezi wa tano wa ububu si mwezi uliopotea. Mtu aliyetumwa huko anatiwa katika hali ya kuhitaji watu, na watu hawamwamini mtu asiyewahitaji. Katika mwezi wa saba kijana wetu aliniandikia habari moja. Bibi mzee wa nyumba anamokaa aliugua, akamwomba amwombee. Aliomba kwa Kihispania, sentensi tatu tu. Katikati ya maombi yule bibi akamsahihisha neno moja, akalisema upya, kisha bibi akaitikia Amina. Sijui mahubiri mengi yaliyo makubwa kuliko hayo.

Wapendwa, tusiyaache mambo haya yawe ya watu wa mbali tu. Hapa Nairobi wamo wageni wanaojifunza Kiswahili. Wako wamisionari na waalimu, na Kanisa letu la Kianglikana limekuwa na chuo cha lugha mjini humu cha kuwafundisha. Wako pia wakimbizi waliofika bila kuchagua, na vijana waliotoka mashambani juma lililopita. Watafika kibandani kwako, kwenye benchi lako la kazi, kwenye mlango wa matatu. Watakosea. Wewe ndiwe mwalimu aliyewekwa hapo. Mpe neno lililo sahihi, na uso mwema pamoja nalo. Kama vile ungependa mama yule wa San José amtendee kijana wetu, mtendee hivyo yule aliyesimama mbele yako leo, kabla king'ora cha zamu hakijalia.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyempeleka Mwanao akae kwetu na kujifunza usemi wetu, tunakuombea wote walio mbali kwa ajili ya jina lako, ambao leo maneno yamewapungukia. Wape subira ya kuketi, masikio ya kusikia, na rafiki mmoja wa kuwafundisha. Wafariji wazazi waliowaachilia. Utuondolee sisi tuliobaki haraka ya kuhesabu, utupe mkono usiochoka kutuma. Na mgeni atakayetujia leo asituone tumefunga mlango. Twaomba haya kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.